Ongeza Sifuri: uongo tunaoandika tukiomba pesa za utafiti

Najua nimeadimika. Kulikuwa na kazi ya mteja iliyokataa kuisha, na mvua za huku Eldoret zikaondoka na umeme mara mbili. Lakini leo nimekasirika vya kutosha kuandika, kwa hiyo kaa vizuri. Hii ni ndefu.

Jumatano iliyopita nilikuwa kibandani nakunywa chai, simu ikalia. Ni mhadhiri mmoja ambaye tumewahi kufanya kazi pamoja na ninamheshimu. "Kijana wangu, kuna wito mpya wa utafiti. Pesa ni nzuri. Sehemu ya kompyuta nakuachia. Na ile ya athari pia, wewe unajua kuipamba. Tunatuma Ijumaa."

Kuipamba! Kama keki.

Kwa ambaye hajawahi kuandika haya mambo: ukiomba pesa za utafiti, karibu kila mfadhili ana sehemu anayokutaka ueleze kazi yako itamfaa nani, kwa kiasi gani, na atajuaje. Kwa Kiswahili tumezoea kuiita sehemu ya athari. Neno hilo hunichekesha kila mara, kwa sababu kwenye taarifa ya habari athari huwa ni za mafuriko, za ukame na za pombe haramu. Nikikumbuka baadhi ya miradi niliyoiona, labda lugha inajua kitu ambacho wafadhili hawajui.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, usije ukadhani nahubiri kutoka mimbarini.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado na joto la digrii, niliingia kwenye kundi lililoandika pendekezo la programu ya simu ya kumsaidia mkulima wa mahindi kutambua viwavijeshi mapema. Wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo. Viwavijeshi vamizi walithibitishwa Kenya mwaka 2017, magharibi mwa nchi wakitangulia kuumia, na hapa Uasin Gishu mahindi ndiyo karo, ndiyo harusi, ndiyo matanga. Kiwavi akiwa mchanga dawa inamfikia. Akishakua na kujichimbia ndani kabisa ya moyo wa mmea, unanyunyiza pesa zako hewani. Siku chache tu ndizo zinazoamua. Mahali ambapo siku chache zinaamua, simu inaweza kusaidia kweli.

Kwenye rasimu nikaandika kwamba tutawafaa wakulima 5,000. Nilizipata wapi 5,000? Nilikisia. Ilionekana namba yenye adabu. Rasimu ikarudi na maneno matatu pembeni: "Ndogo. Ongeza sifuri."

Nikaongeza. Kidole kimoja, sekunde moja, na wakulima 45,000 wakazaliwa.

Pesa zikaja. Tukatengeneza programu, na kwenye simu yangu ilifanya kazi vizuri sana. Kisha tukaenda kijijini kuwafundisha watu kuitumia. Chini ya mti walikuwa wamekaa wakulima kumi na wawili. Wenye simu inayoweza kuibeba programu yetu walikuwa wanne, na mmoja kati ya hao wanne simu ilikuwa ya mwanawe aliyekuja likizo. Waliobaki walikuwa na kabambe. Mzee mmoja alinionyesha yake, imefungwa kwa mpira, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa hii yangu, kijana, utaitia wapi hiyo kitu?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika pale kuuliza swali hilo kabla pendekezo halijatumwa. Tulikuwa na kurasa za kutosha kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kuhusu simu za watu, hatukuwa na sentensi.

Mradi ulipokwisha, ikabainika kwamba hakuna aliyepangiwa kulipia seva. Nililipa miezi miwili kutoka mfukoni mwangu, kisha usiku mmoja nikaizima. Amri moja tu. Ripoti ya mwisho ilisema wakulima 50,000 "wamefikiwa", kwa sababu tuliwahi kuzungumza kwenye redio na redio husikika mbali.

Wiki mbili baadaye mama mmoja, mmoja wa wachache waliokuwa wakiitumia kweli, alinipigia. "Mwanangu, ile kitu yako imelala?" Nikamwambia tunairekebisha. Sikumpigia tena.

Sasa unaelewa kwa nini chai ilinipoa mkononi Jumatano.

Huu uandishi una walimu wake. Kuna warsha hotelini, kuna chai ya saa nne na maandazi, kuna mtaalamu mwenye slaidi. Anachofundisha ni kanuni ya mapishi: chukua idadi kubwa, tia vijana na wanawake, nyunyiza Ruwaza ya 2030, pamba kwa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Nimewahi kusoma pendekezo lililodai kugusa malengo 11 kati ya yote 17. Lilikuwa pendekezo la hifadhidata ya maktaba.

Hapo zamani walau ilibidi mtu akeshe kuandika upuuzi huo. Siku hizi ukiiambia programu ya akili mnemba ikuandikie sehemu ya athari, kabla hujameza funda la chai imekuletea ukurasa mzima, umenyooka, hauna kosa la sarufi, kila sentensi "inawezesha" na "inachochea" na "inaleta mageuzi". Na kila mwombaji mwingine ameletewa ukurasa uleule. Fikiria mtu wa kamati mwenye mafungu arobaini mezani. Aya ya mapambo ilikuwa rahisi kuiandika, sasa ni bure kabisa, na kitu cha bure sokoni unajua kinavyothaminiwa. Kitu kimoja tu ambacho mashine haiwezi kukutungia bila kudanganya ni idadi uliyoenda kuihesabu mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya kuomba senti.

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima ya leo. Sehemu ya athari inashawishi pale inapokuwa na kitu kinachoweza kugundulika kuwa si kweli. Wanaoandika programu wataielewa haraka. Tukiandika jaribio la kukagua programu, jaribio lazima liweze kufeli. Ukiandika jaribio linalopita hata ukifuta programu yote, hujaandika jaribio, umechora tiki ya kijani. "Mradi utaboresha maisha ya jamii" ni tiki ya kijani. Futa mradi wote, sentensi bado inapita: mwaka ujao jamii itakuwa na maisha, na mahali fulani yatakuwa yameboreka.

Na mfano mzuri hatuhitaji kuutafuta Ulaya. Toka mjini Eldoret, shika barabara ya Kapsabet, shuka Mosoriot. Pale kuna kituo cha afya ambacho kila mtengeneza programu wa nchi hii angepaswa kukijua, na wengi tunapita tukitazama mbele.

Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wamekuwa na ushirikiano wa udaktari tangu karibu mwaka 1990. Mwaka 2001 wakaanza kutumia Mosoriot mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulikuwa umeandikwa kwa Microsoft Access (wanaotaka kucheka wacheke sasa tumalize), kwenye kompyuta chache, kwenye kituo cha mashambani ambacho awali kila kitu kilikuwa kwenye madaftari. Lakini kinachonivutia mimi hakimo ndani ya Access. Kabla ya mfumo kuanza waliwafuata wagonjwa kwa saa. Mgonjwa ameingia saa ngapi, amekaa kwenye benchi dakika ngapi, ameongea na mhudumu dakika ngapi, ametoka lini. Baada ya mfumo kuanza wakafanya vilevile tena.

Matokeo yakachapishwa mwaka 2003, jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi likiwa la Joseph Rotich wa Moi. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulishuka kwa asilimia 58. Muda wa kusubiri ulishuka kwa asilimia 38, ila kwa hilo la kusubiri waliandika wazi kwamba hesabu iko ukingoni, 0.06, yaani haikuvuka mstari wa 0.05 ambao watu wa takwimu wanautaka. Mpambaji angelificha hilo. Wao wameliweka kwenye muhtasari.

Halafu kuna sentensi ninayoipenda kuliko zote. Waligundua pia kwamba baada ya kompyuta kuja, wafanyakazi wa kituo walitumia muda zaidi kwenye shughuli zao binafsi.

Hebu fikiria uko kwenye ile warsha ya hoteli, unanyoosha mkono na kusema: "Moja ya athari za mradi wetu ni kwamba wafanyakazi walipata nafasi ya kushughulikia mambo yao." Ungeombwa utoke nje upunge hewa. Lakini mimi nikisoma sentensi ile naiamini asilimia 22, naiamini 58, naamini kila kitu kingine kwenye ukurasa, kwa sababu nimeona kwamba hawa watu wakikuta jambo lisilowapendeza wanaliandika. Muda ulipungua kweli, na ule muda uliookolewa haukwenda wote kwa mgonjwa. Huwezi kutunga kitu kama hicho. Ni lazima uwe ulisimama pale na saa.

Kilichofuata wengi mnakijua. Kutoka Mosoriot kazi ikapanuka kwenye kliniki za UKIMWI za AMPATH, wagonjwa wakawa wengi kuliko mfumo ulivyoweza kubeba, na mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich walipokuja Eldoret na kuona hali ilivyo ndipo wazo la OpenMRS lilipozaliwa. Februari 2006 ikaanza kutumika hapahapa Eldoret, kabla ya mahali pengine popote. Leo ni programu huria inayotumika katika nchi nyingi duniani. Sidhani kuna jedwali lolote la mwaka 2000 ambalo lingeweza kuyatabiri hayo. Ila dakika za kwenye benchi zilikuwa zimeshahesabiwa.

Na tabia hiyo ya kuhesabu iliendelea. Kuna jaribio jingine la hapa kwetu, lilichapishwa mwaka 2013, likiongozwa na Mkenya Martin Were. Walitaka kujua kama kompyuta ikimkumbusha mhudumu jambo lililopitwa na wakati kwa mtoto mwenye virusi, labda kipimo ambacho hakijafanywa, mhudumu atalifanya. Waliokumbushwa walikamilisha asilimia 68 ya mambo hayo. Wasiokumbushwa, asilimia 18. Angalia walichodai na angalia wasichodai. Hawakusema wameokoa maisha ya watoto elfu kadhaa. Walisema: jambo lililokuwa likisahaulika sasa linafanyika. Daktari yeyote anaweza kukueleza kwa nini kipimo kufanyika kwa wakati ni kitu kizuri. Wao wakashika kiungo kimoja cha mnyororo, kile ambacho programu yao ilikuwa na uwezo wa kukigusa.

Hapo ndipo programu yetu ya viwavi ilipoanguka, na naona mapendekezo mengi yakianguka papo hapo. Sisi tuliruka kutoka "tutatengeneza programu" hadi "usalama wa chakula" kwa sentensi moja. Katikati kuna nini? Mkulima awe na simu. Aione picha. Aamini kinachosemwa. Awe na pesa ya dawa wiki hiyohiyo, na wiki hiyohiyo shule zimefunguliwa. Duka liwe na dawa halisi. Anyunyize kabla kiwavi hajazama. Mvua isioshe. Kisha ndiyo magunia, na magunia yenyewe yakifika sokoni kuna bei. Ukiyaandika haya mojamoja kwenye karatasi, unaona haraka ni kipi kiko mkononi mwako na kipi kiko mkononi mwa Mungu. Msomaji wa kamati naye anaona. Ukiyaruka hafikiri kwamba una maono makubwa. Anafikiri hujawahi kwenda shambani, na kwa upande wetu angekuwa sahihi.

Ningepewa nafasi ya kuiandika upya aya ile, ingekuwa hivi:

"Katika kata tunayofanyia kazi, mkulima anayeona majani yametobolewa hukaa siku kadhaa kabla ya kupata ushauri wa mtu anayejua. Tumeanza kuzihesabu siku hizo kwa wakulima 60 msimu huu, kabla ya kuandika programu yoyote, na daftari la hesabu limeambatishwa. Wengi wao wana simu za vitufe, kwa hiyo tutatumia SMS. Lengo ni siku hizo zipungue kwa nusu ndani ya misimu miwili. Hatuahidi magunia zaidi, kwa sababu mavuno yanategemea mvua, mbolea na bei ya dawa, ambayo hatuyadhibiti. Msimu wa kwanza ukiisha bila siku kupungua, tutasimamisha ujenzi na kuandika sababu. Gharama ya seva kwa mwaka iko ukurasa wa bajeti, na barua ya atakayeilipa mradi ukiisha imeambatishwa."

Wakulima 60! Najua. Haing'ari. Lakini soma tena na ujiulize ungempa nani pesa zako mwenyewe, huyu au yule wa 50,000.

Hiyo barua ya mwisho msiichukulie kama mapambo ya nyuma. Sehemu ya "uendelevu" kwenye mapendekezo yetu huwa na sentensi moja, karibu neno kwa neno: serikali ya kaunti itauchukua mradi. Umeiuliza kaunti? Umeongea na nani, ofisi ya ngapi, amesema kifungu gani cha bajeti? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ikakoma rasmi. Mji huu una watu wengi waliokuwa wakila kutokana na miradi ya afya, na wengi zaidi waliokuwa wakitibiwa nayo, kwa hiyo sihitaji kueleza sana. Baada ya hapo, mtu akikuandikia "wafadhili wengine watajitokeza", amekuandikia dua. Dua ni njema ila haina namba ya akaunti.

Sasa najua watafiti fulani wanakunja uso. Hoja yao ni nzito na siidharau: athari ya utafiti haitabiriki, kwa hiyo kumlazimisha mtu aseme nani atafaidika ni kumlazimisha aseme uongo. Na mfano wao mkubwa ni wa kwetu.

M-Pesa ilianza na pesa za umma za Uingereza. Idara yao ya maendeleo ilitoa karibu pauni milioni 1, Vodafone nao wakatoa kiasi kama hicho. Wazo la kwanza lilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo kulipa mkopo wake kwa simu. Majaribio yakafanyika mwaka 2005 na Faulu, Nairobi na Thika, watu mia kadhaa. Na wale watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: wakatumiana pesa, wakalipiana mikopo, wakaiweka pesa kwenye simu wakiwa safarini ili wasiibiwe. Machi 2007 Safaricom walipoizindua, mikopo ilikuwa imewekwa kando, tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack wakakadiria kwamba imetoa kaya 194,000 kwenye umaskini, kama asilimia 2 ya kaya zote za Kenya.

Kwa hiyo watafiti wanasema: unaona? Kilichoandikwa mwanzoni sicho kilichotokea.

Naona. Lakini mimi naona pia kitu kingine. Walikuwa na watu wachache wanaojulikana, na walikuwa wakiwatazama wanachofanya, ndiyo maana walijua mpango umekwenda kombo na umekwenda kombo kuelekea upande mzuri. Ungekuwa mradi wa "kuwafikia Wakenya milioni kadhaa" wenye ripoti ya kila robo mwaka, yule mkopaji anayemtumia mkewe pesa angeandikwa kama matumizi mabaya ya mfumo. Na ile 194,000 haikuandikwa na mwombaji kwenye fomu mwanzoni. Ilitoka kwa watu waliofuatilia kaya kwa miaka, baada ya jambo kutokea. Siwataki watafiti watabiri. Nawataka wahesabu palipo leo, waseme ni kiungo gani wanakigusa, na waseme watajuaje wakikosea.

Waingereza wenyewe, waliotuzoesha kurasa mbili za athari, walizichoka. Tangu tarehe 1 Machi 2020 baraza lao la utafiti, UKRI, liliacha kudai ile sehemu ya pekee ya njia za kufikia athari. Likasema mambo hayo yaingie ndani ya hoja ya utafiti wenyewe. Kwa upande mwingine, wanapovipima vyuo vyao vikuu, mwaka 2021 athari ilibeba asilimia 25 ya alama, kutoka 20 mwaka 2014, na pale chuo hakiulizwi kitafanya nini, kinaulizwa kimefanya nini na ushahidi uko wapi. Huku kwetu bado tunafundishana kujaza kurasa ambazo wenye kurasa wamezitupa.

Wafadhili nao siwaachii. Ni nani aliyetengeneza fomu ya mtandaoni yenye kisanduku "Idadi ya wanufaika" kinachokubali tarakimu tu? Nimewahi kujaribu kuandika "bado tunahesabu". Kikageuka chekundu. Mimi ni mtu wa fomu, najua kabisa kwamba ukilazimisha uwanja ujazwe, utajazwa, na utajazwa takataka. Kama mnataka ukweli, toeni pesa kidogo za kwenda kuhesabu kwanza, miezi mitatu, kisha ndiyo muombe pendekezo kubwa. Ni nafuu kuliko programu iliyolala.

Na nyumbani je? Sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 inasema Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hiyo pesa haijawahi kutoka hata mwaka mmoja kwa kiwango hicho. Ndiyo maana tunamwandikia mtu wa mbali, kwa maneno tunayodhani anayapenda, kuhusu jirani ambaye hatujamtembelea.

"Lakini ukiandika 60 utashindwa na aliyeandika 50,000." Ndiyo, mara nyingine utashindwa. Sitakudanganya kwenye makala inayokataza kudanganya. Kuna kamati zinazosoma sifuri tu.

Turudi kwa ile simu ya Jumatano. Nilimwambia: "Daktari, niko tayari, na hiyo sehemu nitaiandika mwenyewe. Lakini nahitaji wiki mbili za kukaa na wakulima kwanza." Akacheka, si kwa ubaya. "Wiki mbili! Ijumaa ni keshokutwa, kijana wangu." Nikamwambia basi huu tuuache upite, tuanze kuhesabu kwa ajili ya ujao. Akanyamaza kidogo. Nikasikia anakoroga chai yake. Akasema atanipigia.

Leo ni Jumapili na hajapiga. Lakini jana nilipekua simu yangu ya zamani nikaikuta namba ya yule mama. Kesho asubuhi nampigia, na najua ataanza kwa kuuliza nini.